Gavana wenu akibanduliwa, kabla hamjapiga vigelegele angalieni bajeti ilikuwa imefika wapi (uzi mrefu)

Karani wa Kijiji:

Wadau salama. Nimechoka na hizi stori za "gavana wetu aende nyumbani" ambazo kila baada ya miezi michache zinahamia kaunti ingine, watu wanakesha na simu wakifuatilia Seneti, bando inaisha, halafu asubuhi hakuna mmoja wao anaweza kukuambia zahanati ya kwao ilitengewa pesa ngapi mwaka huu.

Msimamo wangu naweka hapa juu ndio tusipotezeane muda. Hoja ya kumbandua gavana, mara nyingi, si vita dhidi ya wizi, ni mazungumzo ya bajeti yaliyokataa kuisha mezani. Sijasema mara zote, nimesema mara nyingi, kwa hivyo msianze kunirushia majina kabla sijamaliza.

Anza na sheria yenyewe. Kifungu cha 181 cha Katiba ya Kenya kinataja sababu nne: kukiuka Katiba ama sheria vibaya sana, kuwe na sababu nzito za kuamini ametenda uhalifu, kutumia ofisi vibaya ama mienendo mibaya kupindukia, na kutoweza kazi kimwili ama kiakili. Ile ya tatu ndio mlango mpana, mle ndani unaweza kupitisha chochote, kuanzia tenda mpaka matusi ya kwenye mkutano wa hadhara. Halafu utaratibu uko kwenye Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 33. Theluthi moja ya MCA, yaani wawakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, waunge mkono hoja, theluthi mbili waipitishe, spika wa kaunti ana siku mbili amwarifu spika wa Seneti, na huyo naye ana siku saba aitishe kikao. Seneti inaamua kama kesi itasikizwa na kamati ya maseneta 11 ama na ukumbi mzima.

Sasa hiyo theluthi mbili ndio kila kitu. MCA mmoja peke yake hawezi kujengesha hata kalvati, lakini akijiunga na wenzake wakafika hiyo hesabu, gavana mwenye walinzi na msafara anaanza kupiga simu mwenyewe usiku. Na gavana naye anajua hesabu yake, anahitaji theluthi moja na mtu mmoja tu wakae upande wake, basi. Hao wachache ndio utaona barabara zao zinachongwa.

Mtu asifikiri nazungumzia nadharia. Kericho Oktoba 2024, bunge la MCA 47, waliopiga kura ya kumtoa Eric Mutai walikuwa 31. Theluthi mbili ya 47 ni 31.33. Wakili wa gavana akasimama Seneti akasema hakuna MCA wa nukta tatu tatu, kwa hivyo ni lazima wawe 32, na Seneti ikakubaliana naye, hoja ikafia pale pale kabla ushahidi kuguswa. Uliza watu wa Kericho leo kama yale madai yalikuwa ya kweli ama ya uongo kisha uone vile watagawanyika, kwa sababu safari hiyo hayakusikizwa.

Kitu cha pili, angalia naibu gavana. Kifungu cha 182 kinasema kiti kikibaki wazi naibu anaingia amalize muhula, hakuna uchaguzi. Kiambu Ferdinand Waititu alitolewa na Seneti Januari 2020, akaingia naibu wake James Nyoro ambaye walikuwa hawaelewani kitambo. Meru ni hivyo hivyo, Isaac Mutuma alikuwa amekosana na bosi wake Kawira Mwangaza hadharani, akatoa ushahidi dhidi yake, na Machi 2025 baada ya Mahakama Kuu kukubaliana na uamuzi wa Seneti akaapishwa kuwa gavana. Sisemi walifanya kosa kusema waliyoyaona. Nasema ukiwa na shahidi ambaye akiaminika anapata kazi ya anayeshtakiwa, msikilize na sikio la tatu.

Nitaendelea na kalenda ya bajeti hapo chini, wacha kwanza nisome matusi.

Debe Tupu:

Buda unaandika riwaya na sisi tunataka barabara

Mkereketwa_B:

OP (mwenye uzi) umeanza vizuri ukaharibu. Hii ya kusema kubandua ni mazungumzo ya bajeti ndio lugha magavana wanatumia wakishikwa. Waititu si alitolewa, na miaka mitano baadaye, Februari 2025, mahakama ikampata na hatia kwa ile tenda ya barabara ya milioni 588, akahukumiwa miaka 12 jela ama faini ya milioni 53.5. Sonko wa Nairobi naye alitolewa Desemba 2020. Kama MCA wa Kiambu wangekuwa wamengoja EACC (tume ya kupambana na ufisadi) na korti, jamaa angemaliza muhula wake akiwa bado gavana. Saa ingine hawa MCA hata kama nia yao ni chafu, kazi inayofanyika ni safi.

Karani wa Kijiji:

Mkereketwa, Kiambu nakupa, nilisema mara nyingi sikusema mara zote. Lakini angalia mambo mengine uliyoruka. Martin Wambora wa Embu alikuwa wa kwanza kabisa, MCA wakamtoa 2014, Seneti ikakubali, korti ikamrudisha, wakamtoa tena mwaka huo huo, korti ikamwacha kitini, 2017 akagombea akashinda, akamaliza mihula yake miwili 2022. Kwa hivyo Embu walitumia nguvu zao zote kwa kitu ambacho mwishowe hakikumtoa mtu, na muda wote huo idara zilikuwa zinaendeshwa na watu ambao hawajui kesho watamsalimia nani.

Na Meru. Kawira aliingia 2022 kama mgombea huru, akawapiga Kiraitu Murungi na Mithika Linturi, watu wakasherehekea kwamba siasa za vyama zimekwisha. Lakini mgombea huru akiingia ofisini hana hata kiongozi wa wengi wa kumpigia simu. Desemba 2022 walimbandua, kamati ya Seneti ikasema hakuna kitu. 2023 wakambandua tena, ukumbi mzima ukamwachilia. Agosti 2024 mara ya tatu Seneti ikakubali. Pale mwanzo alikuwa hajamaliza hata nusu mwaka ofisini bana, ni ufisadi gani wa kubandua mtu unakusanyika kwa muda huo?

Mtani wa Ng'ambo ya Namanga:

Wakuu samahani naingilia. Huku kwetu Tanzania mkuu wa mkoa anateuliwa na Rais, akizingua unasikia usiku uteuzi umetenguliwa, kesho anaapishwa mwingine, madiwani wanabaki huko huko halmashauri. Sasa nyie huyu gavana mnamchagua wenyewe, kwa nini msisubiri tu uchaguzi mumtoe kwa kura? Na hizo hela anazopigania na hao MCA zinatoka wapi, anakusanya mwenyewe au anapewa na serikali kuu?

Karani wa Kijiji:

Mtani karibu sana, umeuliza swali ambalo wenyewe hatuulizani.

Kuhusu kusubiri: muhula ni miaka mitano, na mwananchi hana njia ya kumwita gavana nyumbani kwa sahihi. Katiba imeweka hiyo kazi kwa MCA na Seneti.

Kuhusu hela: nyingi zinatoka Nairobi, Hazina ya Kitaifa. Kifungu cha 203 kinasema kaunti zote 47 kwa pamoja zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, lakini soma maneno madogo, hiyo asilimia inapigwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kupitishwa na Bunge, sio mapato ya mwaka huu. Bunge likichelewa kupitisha ripoti za ukaguzi, unagawiwa kwa mapato ya zamani ambayo ni madogo, halafu unaambiwa umepita asilimia 15 shukuru. Kiwango chenyewe kinatoka kwa vita kila mwaka. 2024 kaunti zilikuwa zimeahidiwa bilioni 400, vijana wakaingia barabarani Juni, Mswada wa Fedha ukaondolewa, Hazina ikasema mapato yamepungua, ikavutana na Seneti miezi, ikaishia bilioni 387. Bajeti za kaunti zilikuwa zimeshapitishwa kwa ile hesabu kubwa. Kwa hivyo kila kaunti ikarudi mezani kukata miradi, na hapo ndipo MCA anagundua kilichokatwa ni cha wadi yake na cha wadi ya sapota wa gavana kimebaki.

Halafu kuna kugawana kati ya kaunti na kaunti. 2020 maseneta walishindwa kupitisha fomula kikao baada ya kikao, kambi moja inasema mtu mmoja shilingi moja, yaani wenye watu wengi wapate zaidi, kambi ingine ya kaskazini na Pwani inasema sisi tuna ardhi kubwa na tuliachwa nyuma tangu ukoloni. Agosti hiyo maseneta watatu wakakamatwa na polisi siku ya kura. Unajua iliisha vipi? Septemba wakakubaliana mgao uongezwe ufike bilioni 370 mwaka unaofuata ndio hiyo fomula mpya ianze bila kaunti yoyote kupoteza. Waliongeza ugali ndio waache kupigania minofu.

Pesa za kukusanya mwenyewe zipo pia, leseni za biashara, parking, ada za soko, ushuru wa mazao, kodi ya ardhi. Ila kwa kaunti nyingi hizo ni kidogo ukilinganisha na mgao.

Nesi wa Zamu:

Mimi nitaongea kutoka upande ambao hamuuoni. Niko hospitali ya kaunti, gani sitaitaja nina watoto wa kulisha. Nyinyi mnahesabu kura, sisi tunahesabu glavu.

Afya iligatuliwa 2013, kwa hivyo mshahara wangu, dawa, stima ya maternity, zote ni za kaunti. Wakubwa wakianza kupigana kitu cha kwanza kusimama ni bajeti ya ziada, na kitu cha kwanza kukosekana ni vitu vidogo. Hospitali haifungwi, hapana, inabaki wazi ila mgonjwa anapewa karatasi akanunue mwenyewe nje. Nimeona mama wa kujifungua anakuja na pamba, glavu, uzi wa kushonea na dawa ya kuosha sakafu kwenye karai moja, na mume anauliza sasa ya kaunti ni nini hapa, nikamwonyesha kitanda.

Na jambo ambalo lilikuwa linaniuma zaidi, mgonjwa analipa pale dirishani, pesa inachukuliwa inapelekwa mfuko wa kaunti, kurudi hospitali ni mpaka iidhinishwe tena na watu ambao hawasalimiani. Sheria ya 2023 ya kuboresha fedha za vituo vya afya ilikuja kusema hospitali ibaki na kile imekusanya. Ni sheria nzuri mimi naipenda. Lakini uliza kaunti yenu kama hospitali inaona hizo pesa zote kwenye akaunti yake ama kuna mkono mahali. Gavana hapendi kuachilia, waziri wa fedha wa kaunti hapendi, hata MCA hapendi kwa sababu pesa ikibaki hospitali haiwezi kuhamishwa kwenda kalvati.

Debe Tupu:

Nesi umeniuma. Kwa hivyo kalvati ni mbaya

Nesi wa Zamu:

Si mbaya, kalvati haizai saa nane usiku.

Aliyekuwa Ofisi ya Wadi:

Wacha nitetee MCA kidogo maana nimefanya kazi kwa ofisi ya mmoja, na najua mtanichapa.

Kazi yake kwa Katiba, kifungu cha 185, ni kutunga sheria za kaunti, kusimamia serikali ya gavana na kupitisha mipango na bajeti. Sasa njoo asubuhi kwa ofisi ya wadi uone foleni. Mmoja ana barua ya karo mtoto amefukuzwa shule ya upili, ambayo hata si kazi ya kaunti, kaunti ni chekechea na vyuo vya kiufundi vya kijijini. Mwingine ana mwili mochari. Mwingine ni kikundi cha akina mama wanataka hema na viti. Hakuna hata mmoja, narudia hakuna, aliyewahi kuja kuuliza mhesh ulisema nini kwenye kamati ya fedha. Ukisimamia gavana vizuri ukamkosoa kwa ripoti ya mkaguzi, barabara yako inakauka, na 2027 wananchi watakuuliza barabara, hawatakuuliza ripoti.

Kwa hivyo MCA anataka pesa iwekwe kwa jina la wadi, sawa kwa kila wadi, ndio asiende kupiga magoti kwa gavana. Gavana anasema hapo umeacha kusimamia ukaanza kutekeleza, utanikagua aje na mradi ni wako. Na kisheria gavana ana hoja. Lakini bila hiyo pesa ya wadi MCA hana meno yoyote isipokuwa hiyo theluthi mbili ya OP. Hapo ndipo hoja ya kubandua inazaliwa, na mnashangaa nini.

Karani wa Kijiji:

Huyu ameniandikia nusu ya uzi bila malipo. Sasa kalenda, maana niliahidi.

Kufikia Septemba 1 kila mwaka kaunti inapeleka kwa bunge lake mpango wa maendeleo wa mwaka, hapo miradi inatajwa. Kufikia Februari 28 inapeleka waraka wa mkakati wa fedha, huu ndio unaamua kila idara ipate dari gani, yaani pesa isiyozidi ngapi, na karibu hakuna mwananchi anausoma. Kufikia Aprili 30 makadirio ya bajeti yanaingia. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Vikao vya kuchukua maoni ya umma vinaitwa mara nyingi wakati makadirio yameshachapishwa, mnapewa soda na makaratasi, mtu anasimama anasema sisi tunataka maji, anaandikwa, nyumbani. Dari iliwekwa Februari. Maji yako ulipaswa kuyaleta kabla ya hapo.

Mimi nilifuatilia mradi mmoja tu kwenye makaratasi ya kaunti yetu, chumba cha kujifungulia kwenye zahanati. Mwaka wa kwanza umeandikwa "ujenzi". Mwaka unaofuata "ukamilishaji". Baadaye tena "ukamilishaji na uzio". Ukienda pale kuta zimefika linta, nyasi imetoka ndani, na mbao za kushikilia zege zimeshaibiwa ama zimeoza. Fundi mwenyewe alikuwa hajalipwa, amewekwa kwenye orodha ya madeni ya wakandarasi. Gavana alikuwa anasema MCA walimkatia pesa, MCA anasema pesa zilitengwa hazikutoka. Wote wawili walikuwa wanasema ukweli kwa kiasi, ndio ubaya. Kutengewa pesa si kupata pesa. Hazina inachelewesha, halafu ili ichomoke kwenye akaunti ya kaunti kule Benki Kuu ni mpaka Mdhibiti wa Bajeti aidhinishe, na ikifika Juni imebaki kidogo, mshahara unakula kwanza.

Wakili Mtaani:

Nyongeza mbili. Moja, umma unaweza kuanzisha kitu kimoja kikubwa zaidi ya kumtoa gavana, kusimamisha serikali yote ya kaunti, kifungu cha 192. Sheria inataka ombi lenye sahihi za angalau asilimia 10 ya wapiga kura waliosajiliwa wa kaunti. Makueni walijaribu baada ya bunge lao na gavana Kivutha Kibwana kupigana mpaka risasi zikalia Septemba 2014. Tume ikaundwa, ikasikiza, ikapendekeza kaunti isimamishwe, Rais Uhuru akakataa 2015. Wakaambiwa mkae mpatane. Na kaunti hiyo hiyo ndio baadaye mkawa mnaitolea mfano kwa bima ya MakueniCare na kamati za wananchi za kusimamia miradi. Kibwana akamaliza 2022. OP, hii ungeiweka juu kabisa, ndio mfano bora ulionao.

Mbili, Nairobi wakati Sonko anatolewa hakukuwa na naibu, Igathe alikuwa amejiuzulu Januari 2018 na kiti kikakaa wazi. Ikabidi spika ashikilie. Gavana asiye na naibu hana mrithi wa kumchimba kutoka nyuma, lakini hiyo haikumsaidia.

Mkereketwa_B:

Makueni nakubali. Lakini wakili, walipatana kwa sababu MCA wengi wa ule muhula hawakurudi 2017. Wananchi waliwafagia. Hiyo ndio dawa, si mazungumzo.

Mtani wa Ng'ambo ya Namanga:

Kwa hiyo nikielewa vizuri, gavana analindwa na theluthi moja, MCA analindwa na foleni ya harambee, na Hazina inalindwa na kuchelewa. Mwananchi analindwa na nani sasa?

Karani wa Kijiji:

Mtani usitumalize.

Kwa wale wameniuliza inbox hayo makaratasi yanapatikana wapi: websaiti ya kaunti kama inafanya kazi, ama karani wa bunge la kaunti, ama ripoti za kila robo mwaka za Mdhibiti wa Bajeti ambazo zina kila kaunti, zimetumia ngapi kwa maendeleo na ngapi kwa mishahara na safari. Sheria ya fedha za umma inataka angalau asilimia 30 iende maendeleo, linganisha na iliyotumika kweli, sio iliyotengwa. Ukinyimwa, andika barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, wana siku 21 kujibu. Iandike kwa jina la mradi mmoja, usiombe "bajeti yote", watakuletea kurasa mia sita ulale.

Debe Tupu:

Nimefungua ya kwetu. Barabara yangu iko ndani, imeandikwa imekamilika.

Karani wa Kijiji:

Piga picha ukiwa umesimama juu yake, iwe na tarehe, kisha tuma kwa karani wa bunge na nakala kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Na taja namba ya tenda kama imeandikwa hapo kando.

Debe Tupu:

Nitasimama wapi na haiko